Kilio Kilichokawia Kufika Asembo

Mama yangu, Nyar Nyeri,

Nimekaa nje ya jikoni kwako hapa Asembo, kwenye kile kigoda ulichokataa kukitupa ingawa mguu mmoja umelegea. Kuku wako wananizunguka wakidhani nimebeba mahindi. Nakuandikia kwa Kiswahili, maana ndicho tulichokuwa nacho. Kiluo chako, hata baada ya miaka yote hiyo, kilikuwa cha kununulia samaki na kutolea pole. Kikuyu changu kinaishia kwenye salamu. Basi wewe na mimi na Baba tulikutana katikati, kwa Kiswahili cha Kisian, na ndicho ulichokuwa ukinigombeza nacho.

Nataka kukuambia kilichonipata jana. Lakini unanijua, mimi siwezi kufika mahali bila kupitia kwingine. Nikianza hadithi ulikuwa ukiniambia, "Akinyi, fika sokoni, wacha kuhesabu miti ya njiani." Leo nivumilie. Na kwa kuwa barua hii wataisoma hata watu ambao hawakukujua, wacha niwaambie kidogo wewe ni nani.

Ulitoka Nyeri ukiwa msichana, ukifuata kaka yako aliyekuwa akileta kabichi Kisumu kwa lori. Kaka alirudi, wewe ukabaki. Ukafungua duka la vyombo pale Kisian, kando ya barabara ya Busia: sufuria, beseni, mitungi, vikombe vya bati. Mwalimu mmoja kutoka Asembo akaja kununua birika, akalirudisha akisema linavuja. Halikuwa likivuja. Ndivyo ulivyoolewa, na ndivyo ulivyopata jina, kwa sababu huku mke huitwa kwa alikotoka. Nyar Nyeri, binti wa Nyeri. Mpaka mwisho, wengi hapa hawakujua jina lako lingine.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kilio chako cha kwanza. Ulikuwa hujakaa sana kwenye ndoa, baba mkwe wako akafariki. Mkatoka Kisian na wake wa shemeji zako kuja mazishini. Walipofika langoni wakapasua sauti, kila mmoja na yake, wakakimbia ndani wakilia. Wewe ukabaki nyuma na mkoba wako begani, ukaingia taratibu, ukawapa watu mkono mmoja mmoja, "Poleni. Poleni sana. Poleni." Watu wakaacha kulia wakutazame. Waya, dada yake Baba, akakushika mkono akakuvuta nyuma ya ghala.

"Nyar Nyeri, unafanya nini? Mzee amekufa, wewe unasalimia watu ni kama unaomba kura?"

"Dada, kwetu tunalia kimya."

"Hapa kimya ni ya mtu alikuwa amekosana na marehemu. Unataka waseme ulikosana na Mzee?"

"Ngai! Hapana!"

"Basi fungua mdomo."

Ukafungua. Ulikuwa ukituambia kwamba sauti ya kwanza ilitoka nyembamba, ya paka aliyekanyagwa mkia, na Waya mwenyewe alilazimika kufunika uso kwa leso asionekane akicheka katikati ya msiba. Lakini ulijifunza, Mama. Ulijifunza mpaka ukawapita wenyewe. Nilipokuwa mtoto, akina mama wa Kisian walikuwa wanakungojea uende nao matanga, kwa sababu ukianza wewe, hata mawe yangetaka leso. Ulikuwa unaondoka dukani na sauti nzima na kurudi huna hata ya kutaja bei ya beseni. Mimi ndiye niliyekuwa nawajibu wateja huku wewe unanionyesha bei kwa vidole.

Mimi mtoto wa mama huyo ndiye niliyeenda kukaa Ufini.

Sijui kama niliwahi kukueleza vizuri kimya cha kule. Kwenye simu nilikuwa nakupa ya kuchekesha tu. Wiki ya kwanza nilipanda basi kwenda chuoni nikawasalimia abiria wote, safu kwa safu, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu. Dereva akageuka kuniuliza kama naumwa. Si watu wabaya, Mama, wala hawana dharau. Wao wanaona kukuachia kimya chako ni heshima. Mtu anaweza kukaa na wewe saa nzima, mkanywa kahawa, msiseme neno, na akiondoka anahisi mmeongea vizuri. Mwanzoni nilikuwa naumwa na kichwa. Nilikuwa nafungua redio chumbani nisikie tu mtu yeyote, hata bila kuelewa anachosema.

Unakumbuka siku niliyokupigia nikiwa nimesimama juu ya ziwa? Lilikuwa limeganda, watu wanapita juu yake na mbwa wao, mzee mmoja ametoboa shimo na kutia ndoano. Nikakuonyesha kwa simu.

"Hiyo nyeupe ni nini?"

"Ni ziwa, Mama."

"Umesimama kwa ziwa? Akinyi, wewe ni Petro? Toka hapo! Toka sasa hivi, na usikimbie!"

Baba akachukua simu akataka kujua barafu ni nene kiasi gani, na wewe nyuma unapiga kelele kwamba mtoto atazama mbele ya macho yako na yeye anafundisha sayansi. Mimi, msichana wa Nam Lolwe, ziwa kubwa la kwetu, niliyekatazwa maisha yangu yote kusogelea maji bila mtu mzima, nikacheka mpaka machozi yakanigandia kwenye kope. Hiyo si chumvi ninayoongeza. Kule machozi huganda kweli.

Na zile safari zangu, kila moja ulinihoji kibiashara. Nikaenda kaskazini kwa gari moshi, nikakuambia nimeona paa wakubwa wenye pembe wakitembea barabarani. Ukauliza, "Wana mwenyewe?" Nikavuka bahari kwa meli kwenda Estonia na wenzangu wa darasani, nikakusimulia majengo ya zamani na mitaa ya mawe, wewe ukauliza huko wanapikia sufuria za aina gani. Nikakuambia kwamba wakati wa kiangazi msitu wote unajaa matunda madogo ya buluu na mtu yeyote anaruhusiwa kuchuma. Ukasogeza simu karibu.

"Yeyote?"

"Yeyote."

"Na hawayauzi?"

"Wengine wanauza. Wengi wanakula tu."

"Ngai. Na mimi niko hapa nabembeleza watu na beseni."

Nilipoanza mafunzo ya uuguzi nikapelekwa kwenye nyumba ya kutunza wazee. Huko ndiko nilikofanya lile kosa ulilolipenda. Kulikuwa na mzee mmoja wa chumba cha mwisho, mrefu, mkali, aliyekuwa fundi wa mashua enzi zake. Siku hiyo nilikuwa nimemaliza kumlisha na natoka kwenda kula. Nikiwa mlangoni nikamwambia kwa lugha yake, "Nakuja." Wewe unajua, na kila mtu wa Kisumu anajua, mtu anayesema nakuja anaondoka. Niliporudi nilimkuta ameketi kando ya mlango, amevaa koti, amevaa kofia, ameshika mkongojo. Alikuwa ameambiwa mtu anakuja, basi akajiandaa.

Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba kwetu ndivyo tunavyosema tukitoka. Akafikiria.

"Mkienda, mnasema mnakuja."

"Ndiyo."

"Na mkienda kabisa, mnasemaje?"

Nikamwambia hiyo sijafundishwa. Nilipokusimulia ulicheka mpaka mteja akauliza kama kuna shida, na tangu siku hiyo kila ukikata simu ulikuwa unasema, "Haya nakuja, uvae koti."

Sasa nafika sokoni, Mama.

Simu yetu ya mwisho haikuwa na maana yoyote. Ulikuwa dukani. Ulikuwa unanisimulia juu ya beseni zilizoletwa zikiwa zimepasuka, na ulikuwa umemkasirikia dereva wa lori, na nilikuwa nakusikiliza huku nakunja nguo. Nikasikia mtu anabisha hodi kaunta. Ukasema, "Ngoja, nakuja, kuna mteja." Simu ikakatika. Hukusema uvae koti. Nadhani ulikuwa na haraka.

Nikangoja. Nikamaliza kukunja nguo. Nikapika, nikala, simu iko mezani inaniangalia. Iliyofuata kulia ilikuwa ya Baba, na Baba hapigi simu, Baba huandika ujumbe wenye nukta na mkato. "Akinyi, umekaa? Kaa kwanza." Alisema ni presha, ulianguka dukani, wamekupeleka hospitali na hukufika. Alisema kwa Kiingereza, sauti ya kusomea watoto matokeo. Nami nikamjibu kwa Kiingereza. Tukaagana vizuri kabisa, Mama, ungedhani tunapanga mkutano.

Sikuja kukuzika. Hilo unalijua, lakini nataka usikie kutoka kwangu. Kibali changu cha kuishi kule kilikuwa kimeisha na kipya kilikuwa bado hakijatoka. Ningetoka nisingeruhusiwa kurudi, na nilikuwa nimebakiza kidogo kumaliza masomo. Baba alisema usije, mama yako angenipiga na mwiko nikikuruhusu. Waya alisema usije. Mimi nikakubali, na sijutii kukubali. Nakasirika, lakini sijutii.

Kwa hivyo nilikuzika kwa simu. Binamu yangu alishika kamera, mtandao wa Asembo unakuja na kwenda. Nilikuwa chumbani kwangu, na kuta za nyumba ile ni nyembamba, na jirani ni bibi mgonjwa anayelala mchana. Nikazima sauti. Nikaona umati umejaa uwanja wote, nikaona Waya ameshika kichwa, nikaona wale akina mama wa Kisian uliowaongoza miaka yote wakiingia langoni midomo wazi. Midomo tu. Sikusikia kitu. Jeneza lilipoteremshwa nilikuwa nimeuma taulo, na sikutoa hata pumzi.

Kesho yake nikaenda kazini. Mwenzangu wa zamu alikuwa ameambiwa. Hakusema neno. Aliniwekea kikombe cha kahawa mbele yangu, akakaa nami mpaka kikaisha, kisha akaenda kuwainua wazee wote wazito peke yake siku nzima. Ilikuwa pole nzuri na sitaisahau. Ila ilinifundisha vibaya. Nilianza kuona kwamba kimya kinanitosha, na miezi ikapita, na nikawa mtu mtulivu sana ambaye watu humsifu kwa utulivu wake.

Kibali kilipotoka nikakata tiketi. Waya akanipigia kunielekeza, na aliongea polepole sana, asije akalazimika kurudia.

"Nyathina, mwanangu, sikiliza. Ukishuka ndege usipitie mahali. Usiingie dukani Kisian, usiingie kwa mtu. Ukifika langoni, anza. Ulie mpaka kwa kaburi. Usisalimie mtu kwanza, usikalie kiti kwanza. Ukishamlilia mama yako ndio tutakupea maji na tutakusalimia. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Waya."

"Na usiwe kama yeye ile siku!"

Tukacheka wote wawili. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilijua nikiona tu lango nitapasuka.

Gari ilipopita Kisian nilifumba macho, lakini dereva alipunguza mwendo kwenye tuta pale pale mbele ya duka, nikafumbua, nikaona kufuli. Nikasema, haya, sasa inakuja. Haikuja. Tukafika Asembo, nikashuka, Waya amesimama langoni na akina mama kama kumi nyuma yake, wote wamejiandaa, leso mkononi, wananingojea nianze wanipokee. Nikafungua mdomo.

"Poleni," nikasema.

Mama, usicheke. Najua unacheka.

"Wuololo," Waya akanong'ona kwa mshtuko. "Nyar Nyeri kabisa."

Nikatembea mpaka kaburini na macho makavu. Baba alikuwa amelisakafia vizuri, na ameweka maua ya waridi. Nikasimama. Nyuma yangu wale akina mama wakaanza wenyewe kwa kunihurumia, mmoja, wawili, kisha wakanyamaza, kwa sababu hakuna anayeweza kumlilia mtu mama yake kama mwenyewe amesimama anaangalia saruji. Nikasikia mmoja akimuuliza mwenzake kwa Kiluo, sauti ya chini, walikuwa wamekosana? Hilo ndilo lililonichoma. Si kwa sababu walinifikiria vibaya. Ni kwa sababu walikufikiria wewe vibaya, kwamba uliondoka ukiwa na kinyongo na mtoto wako wa pekee.

Nilijaribu, Mama. Kila asubuhi nilikuja kaburini nikajaribu. Nilijikumbusha mambo ya kusikitisha. Nilijifinya. Siku moja nilijaribu hata kuigiza, nikatoa sauti, mbuzi wa jirani akaniitikia, nikaacha. Waya alinitengea chakula bila kuniangalia. Jumapili baada ya kanisa akanivuta pembeni.

"Niambie ukweli. Ulikuwa na maneno na mama yako?"

"Hapana, Waya. Hata kidogo."

"Basi ni nini? Wazungu walikutoa roho?"

Nikamweleza kuhusu ile simu. Nikamwambia kwamba ndani yangu kuna mahali ambapo bado nimeketi na simu mezani, kwa sababu uliniambia ningoje, na sijui namna ya kumlilia mtu aliyesema anakuja. Waya alifunga upya leso yake. Kisha akasema, "Unarudi lini?" Nikamwambia wiki ijayo. "Ukirudi na hiyo kitu ndani, itakuua huko," akasema, na akaenda kuota jua. Nilimwamini. Nilijua nikipanda ile ndege mkavu, basi nitabaki mkavu, na nitaishi vizuri, nitafanya kazi vizuri, na nitakuwa nakungoja mpaka nizeeke.

Sasa jana.

Baba aliamka akasema anatamani kunde. Hakusema kama ulivyokuwa ukizipika wewe, ila nilielewa. Nikaenda kuchuma zile zako za nyuma ya nyumba, nikazichambua, nikawasha moto, nikabandika sufuria. Moshi ulinisumbua kidogo. Nilikuwa nawaza mambo ya kawaida, kama nitanunua zawadi gani za wenzangu kazini, kama mvua itanyesha. Kunde zikaanza kulegea. Nikanyoosha mkono kwenye rafu nichukue chumvi, haikuwepo. Nikatazama nyuma ya unga. Nikatazama kwenye kapu. Nikapaza sauti kuelekea nyumba kubwa.

"Mama! Chumvi umeweka wapi?"

Nikangoja unijibu. Nikakoroga. Hukujibu, nikakasirika kidogo, maana kunde zikizidi kuiva Baba hazili.

"Mama! Si nakuuliza?"

Hapo ndipo nilipojisikia nikikuita. Mwiko ulikuwa mkononi. Kuku alikuwa mlangoni. Nikaita tena, na mara hii sikuwa nauliza chumvi. Nikaita "Mama," na ile sauti, wallahi sikujua nilikuwa nayo, ilitoka tumboni ikapita kwenye paa. Nikatoka nje nikikimbia, nikazunguka nyumba, nikaingia chumbani kwako, nikatoka, nikakutafuta kila mahali ambapo ungekuwa, nikilia kwa nguvu zangu zote, mpaka nikaangukia pale kaburini kwako, kwenye saruji ya Baba.

Na unajua huku kilio hakisikiwi na mtu mmoja. Watu walikuja mbio kutoka pande zote. Mama Apiyo jirani alikuja kutoka shambani na jembe begani, miguu imejaa matope. Watoto wakaja. Wanaume waliokuwa wakitengeneza nyavu wakaja. Baba akatoka na redio mkononi, akasimama, hakujua aiweke wapi. Mama Apiyo akaniinamia, anahema, amenishika mabega.

"Ni nani? Akinyi, ni nani amekufa?"

Tangu Baba aniambie nikae kwanza, nilikuwa nimewaambia watu wengi, chuoni, kazini, ofisi ya vibali, kwa Kiingereza na kwa lugha ya kule. Kwa lugha yetu nilikuwa sijamwambia mtu.

"Mama," nikasema. "Mama amekufa."

Mama Apiyo akatupa jembe chini akashika kichwa, akaanza. Waya akaja anakimbia na leso imemwanguka, akaanza. Boma zima likalia, Mama, na wengine wakaendelea kufika, na kila aliyefika aliuliza na akaambiwa, na hakuna hata mmoja aliyesema hiyo ni habari ya zamani.

Pumzika sasa. Baba alikula kunde bila chumvi, akaomba aongezwe.

Ni mimi mwanao,
Akinyi